Koko ametoka hospitali, tumupeleke wapi? Namna ya kupima nyumba ya kine

Tangu watu wajue kwamba nilitunza muzee wetu kisha AVC, swali moja linaingia kwenye simu yangu karibu kila mwezi: "Koko ametoka hospitali, upande mumoja umelala, daktari anasema afanye kine. Tumupeleke wapi?" Wanaouliza ni watu kama mimi na wewe. Tumesoma, tunaishi Kindu ama mbali zaidi, na wazee wetu wamebaki Kama. (Kama ile ya teritware ya Pangi, si "kama" ya mashaka.) Jamaa inatuangalia sisi kwa sababu tunaweza kuongea na daktari Kifaransa chake. Basi naandika mara moja kwa wote.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Dada yangu mukubwa, mutoto wa mama mukubwa, anafanya kazi Marekani kwenye nyumba ya wauguzi ambamo wagonjwa wanapita kati ya hospitali na nyumbani. Mutu amevunjika nyonga ama amepata AVC. Hospitali imemaliza kazi yake, lakini mutu hawezi bado kujiosha wala kusimama. Anakaa pale wiki kadhaa, anafanya mazoezi kila siku, kisha anarudi kwake. Kule bima ya wazee ya serikali, Medicare, inalipa mpaka siku 100, na siku 20 za kwanza bila mugonjwa kutoa kitu, ikiwa alilazwa hospitali siku 3 kwanza. Tangu 2008 serikali inazipa nyumba hizo nyota, toka 1 mpaka 5, kwa kuangalia mambo matatu: wakaguzi walikuta nini, wafanyakazi ni wangapi kwa wagonjwa wangapi, na wagonjwa wanatokaje. Dada ananiambia nyota ni za kuanzia tu. "Nenda siku ya Mungu, saa ya chakula," anasema, "uone mugonjwa anaita mara ngapi mbele mutu aje."

Sisi hatuna nyota. Hata nyumba yenyewe ya namna ile hatuna: kati ya kitanda cha hospitali na mukeka wa nyumbani kuna kine ya hospitali kule Kindu, kuna vyumba vya watu binafsi, basi. Zamani jamaa yenye nguvu kidogo ilifikiria Goma, kwa Shirika la Umoja, ama Bukavu, kwa Heri Kwetu, santre zinazojulikana kwa kazi ya watu wenye ulemavu na ambazo Msalaba Mwekundu wa kimataifa umezisaidia. Lakini M23 iliingia Goma mwisho wa Januari 2025, Bukavu katikati ya Februari, kiwanja cha ndege cha Goma kikafungwa. Kwa hiyo kwa watu wa Kama mambo mengi yataamuliwa Kindu, na yataamuliwa na macho yako.

Na jamaa wataogopa jina. Ukisema "nyumba ya wazee", watu watafikiri unamutupa. Zanzibar kuna nyumba za wazee za serikali, Sebleni na Welezo, na mule wazee wasio na mutu wa kuwatunza wanaishi. Hiyo ni kazi nyingine na ina heshima yake. Hapa tunaongea juu ya kupita. Waambie wajomba tarehe ya kurudi tangu siku ya kwanza, na ikiwa nyumba haiwezi kukupa hata tarehe ya kukadiria, tayari umejifunza kitu.

Mimi nilizunguka nyumba tatu Kindu. Sitataja majina. Mbili zilianza na franga ya kutanguliza. Kwa moja walinionyesha mashine ya umeme mbele hata ya kuuliza muzee anaitwa nani, na munajua habari ya umeme hapa kwetu: mashine bila moto ni meza ya kuwekea vikombe. Ya tatu ukuta wake ulikuwa umebambuka rangi. Mama mumoja wa kine akaniuliza: kule Kama analala kwenye kitanda cha urefu gani? Choo iko umbali gani na mulango? Ni ya kuchutama? Usiku nani atakuwa naye?

Nilichagua ile ya tatu, na kama ningekuwa na neno moja tu la kuwapa ningewapa hilo: angalia ni nani anayeuliza juu ya nyumbani. Maana koko hatatembea maisha yake kwenye simenti ya Kindu. Atarudi kwenye udongo, kwenye mvua, kwenye choo ya shimo. Mutu anayeweza kutembea kati ya vyuma viwili sambamba lakini hawezi kuinuka toka kitanda kifupi, bado hajapona kwa maisha yake. Mama yule wa kine aliweka kazi tatu: ajigeuze na kukaa peke yake, apite toka kitanda mpaka kiti, aende choo na mutu mumoja tu wa kumushika. Kwa choo alichora kiti cha mbao chenye tundu katikati, kinachowekwa juu ya shimo. Fundi seremala yeyote wa Kama anaweza kukitengeneza kwa nusu siku.

Kisha angalia wagonjwa walio mule tayari. Usiangalie ukuta, angalia visigino na matako, pale vidonda vya kulala vinapoanzia. Mutu asiyeweza kujigeuza anapaswa kugeuzwa karibu kila saa mbili, usiku pia. Uliza kwa upole nani aligeuza wagonjwa usiku uliopita. Jibu la haraka lenye jina la mutu ni jibu zuri. Angalia namna wanavyomuinua: ikiwa wanavuta mukono uliolala, bega linaweza kutoka mahali pake, na maumivu yake yanakaa miezi. Angalia wanavyokula: mugonjwa wa AVC anakula akiwa amekaa wima, na mbele ya kumupa bugali mutu lazima aone kwanza ikiwa anameza maji kidogo bila kukohoa. Chakula kikipita kwenye njia ya pumzi, kinaleta ugonjwa wa mapafu, na wazee wengi wanakufa na huo kisha AVC.

Kuna jaribio dogo ninalipenda. Angalia fimbo. Mwenye muguu dhaifu anashika fimbo kwa mukono wa upande wenye nguvu, na kichwa cha fimbo kinafika kwenye kifundo cha mukono akiwa amesimama. Kwenye ngazi, muguu muzuri unatangulia kupanda, ule dhaifu unatangulia kushuka. Ukikuta mahali wazee wanapewa fimbo ndefu kama ya muchungaji, tena upande mubaya, shukuru na uende.

Sasa, saa zile zingine. Seansi ya kine inaweza kuwa nusu saa. Inabaki saa ishirini na tatu na nusu, na hizo kwetu ni za garde-malade. Kule Marekani dada yangu analipwa kugeuza na kuosha. Hapa ni shangazi, na halipwi hata sabuni. Mara nyingi tunaonaka shangazi anafukuzwa inje wakati wa seansi, eti atasumbua. Mimi nasema hiyo ni sababu ya kutosha ya kukataa nyumba. Uliza waziwazi: "Mutamufundisha shangazi? Atafanya yeye mwenyewe mbele yenu, mumusahihishe?" Wakisema ndiyo, rudi kisha wiki moja uone. Shangazi ndiye kine wa Kama. Hakuna mwingine.

Tension isisahauliwe. Watu wanashangilia muguu unaosogea na kuacha dawa ya damu, kisha AVC ya pili inakuja kumaliza kazi. Uliza nani anapima, mara ngapi, na daftari iko wapi. Ikiwa hakuna daftari, nunua wewe, mupe shangazi.

Juu ya franga nitasema kwa kifupi, ijapokuwa ndipo jamaa zinagombana. Uliza ikiwa bei ni kwa seansi ama kwa mwezi, dawa na chakula vimo ama havimo, na yote yaandikwe. Na uliza kitu ambacho watu wanaona haya kuuliza: franga ikiisha katikati, itakuwaje? Munajua wagonjwa wanaobakizwa kitandani mpaka jamaa ilipe. Katiba yetu, kifungu cha 49, inasema wazee na wenye ulemavu wana haki ya kulindwa kwa namna ya pekee, na kuna sheria ya tarehe 3 Mei 2022 juu ya watu wenye ulemavu. Muzijue, ni zetu. Lakini hazilipi fakitire, na sioni faida ya kwenda kumupigia kelele za katiba muuguzi ambaye yeye mwenyewe anangoja mushahara.

Musingoje pia franga ya ng'ambo itimie ndipo muanze. Kisha AVC, sehemu kubwa ya nguvu inayorudi inarudi katika miezi mitatu ya kwanza. Kugeuza, kukalisha, kunyoosha vidole vilivyokunjana, hivyo vinaanza siku ileile, hata nyumbani. Halafu kuna vitu havitarudi, na nyumba nzuri itakuambia hivyo ukiwa umekaa. Anayekuahidi kwamba muzee atacheza ngoma kisha wiki mbili anauza maneno.

Neno juu ya wakandaji wetu wa kijiji, maana najua mutaniuliza. Simuzuii mutu. Kukandwa na mikono ya mutu anayekujua kunatuliza. Hatari ni moto: upande uliolala mara nyingi hausikii joto, majani yaliyochemshwa yanachoma ngozi na koko hasemi kitu, kwa sababu hasikii kitu. Shangazi ajaribu joto kwa kiwiko chake mwenyewe kwanza.

Wiki ya mwisho ndiyo inaharibikaka. Omba siku moja nzima ambayo shangazi anafanya kila kitu peke yake na watu wa kine wanaangalia tu. Omba karatasi moja, iandikwe Kiswahili ama Kilega, yenye michoro, si repoti ya Kifaransa ambayo itabaki ndani ya chupa ya plastiki juu ya dari. Na fikiria njia. Mutu asiyeweza kujishika kwenye kiti hawezi kupandishwa nyuma ya pikipiki kwenye matope yale, hata mumufunge na kitambaa. Siye tulingoja gari siku tisa, na wajomba walinung'unika siku zote tisa. Franga ya gari muiweke pembeni tangu siku ya kwanza, isiguswe. Ya mwisho: omba namba ya simu ya yule wa kine, na ikiwa anakubali kuongea na shangazi mara moja kwa wiki, mumutumie uniti kila Jumamosi.