Tangawizi na Ugonjwa wa Uvimbe Tumboni

Anayepanda milima ya Uluguru kutoka Morogoro kwenda Kinole au Tawa hukuta mashamba ya viungo: mdalasini, karafuu, pilipili manga, tangawizi. Na wengi wetu, tumbo likisumbua, hukimbilia chai ya tangawizi. Mwezi huu tueleze wataalamu wamegundua nini ndani ya tangawizi, na nini bado.

Uvimbe ni nini?
Ukijikwaa, kidole huvimba, hupata joto na kuuma. Hao ni askari wa mwili wakipigana na madhara. Kazi ikiisha, hutulia. Lakini kwa watu wengine askari hawatulii, bali hushambulia mwili wenyewe. Wakishambulia viungo, hutokea baadhi ya magonjwa ya baridi yabisi. Wakishambulia utumbo mpana, hutokea vidonda, na mgonjwa huharisha damu kwa muda mrefu.

Wataalamu wamegundua nini?
Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Georgia, mjini Atlanta, Marekani, walitangaza matokeo ya kazi yao. Walisaga tangawizi, wakaizungusha maji yake katika mashine yenye kasi kubwa, wakapata chembe ndogo mno. Kila moja ina upana wa nanomita 230 hivi. Nanomita ni sehemu moja ya milimita iliyogawanywa mara 1,000,000. Chembe 300 zikipangwa mstari mmoja hazizidi sana unene wa unywele.

Kila chembe ni kama kifuko cha mafuta kilichobeba vitu vikali vya tangawizi. Panya waliponyweshwa, chembe zilifika hadi utumbo mpana. Uvimbe ulipungua, na ngozi ya ndani ya utumbo ikapona upesi zaidi.

Je, chai yatosha?
Hapana. Chai ya tangawizi si sawa na chembe zilizochujwa na kupimwa maabara. Tena panya si mtu. Dawa nyingi zilizowafaa panya hazikuwafaa binadamu, ndiyo maana lazima zipimwe kwanza kwa watu, kwa uangalifu.

Tunasema haya kwa sababu mgonjwa anayeharisha damu akibaki nyumbani na kikombe chake, hupoteza muda. Huenda ana amiba, kichocho cha tumbo, au ugonjwa mwingine ambao una dawa.

Basi tushike haya:
1. Kunywa chai ya tangawizi kama kinywaji, si badala ya matibabu.
2. Ukiona damu katika choo, au ukikonda bila sababu, nenda kituo cha afya mapema.
3. Usiache dawa ulizoandikiwa.
4. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amwulize daktari kabla ya kutumia tangawizi nyingi.

Viungo vya milima yetu ni hazina. Tuvitunze, tuvitumie kwa akili, na tuwaache watafiti wamalize kazi yao.