Bingwa wa mionzi si mnara

Kaunti ya Tana River ina mto mrefu kuliko yote Kenya na watu wachache: sensa ya 2019 iliwahesabu 315,943, wanane hivi kwa kila kilomita ya mraba. Kwa hesabu hiyo minara ya simu husimama mbali na mwenzake, na ubingwa wa kwanza unatoka huko.

Simu inayopiga kelele kuliko zote haiko Nairobi. Iko sikioni mwa mchungaji aliye mbali na mji wa Garsen, mtandao ukikamata kwa shida. Simu ya 2G ya megahezi 900 ikikosa mnara wa karibu hufyatua mawimbi hadi wati 2, kwa vipindi vifupi vifupi. Mnara ukiwa jirani, nguvu hiyo huweza kushuka zaidi ya mara 600. Kwa hiyo anayepinga mnara kujengwa karibu na kijiji anaifukuza dawa ya simu yake mwenyewe. Mawimbi ya mnara nayo hubaki robo kila umbali unapoongezeka maradufu.

Kati ya vikomo viwili vikuu vya nguvu ya mawimbi inayofyonzwa na mwili, kikali zaidi ni cha Marekani: wati 1.6 kwa kilo, wastani wa gramu moja ya tishu. Ulaya hufuata wati 2 kwa gramu 10. Kipimo hiki, SAR, huchukuliwa simu ikiwa na nguvu zote, kiwango ambacho mtu wa mjini hukifikia kwa nadra ila mchungaji wetu hukikaribia, bado ndani ya kikomo. Bonyeza *#07#, simu nyingi zitakuonyesha namba yake.

Aibu kubwa zaidi haikuipata simu ya bei rahisi. Septemba 2023 Ufaransa ilisimamisha uuzaji wa iPhone 12: wati 5.74 kwa kilo ikishikwa mkononi au kuwekwa mfukoni, kikomo cha mikono na miguu kikiwa 4. Apple ikarekebisha programu.

Kenya nayo ina lake. Mwishoni mwa Septemba 2012 ilizima simu bandia, zisizo na uhakika wa kipimo hiki, karibu milioni 1.9.

Mwaka 2011 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliyaweka mawimbi haya kundi la “huenda yanasababisha saratani”. Mojawapo ya tafiti kubwa zaidi tangu hapo ni ya Uingereza, 2022: wanawake 776,156, na watumiaji wa simu hawakupata uvimbe wa ubongo zaidi kuliko wasiotumia. Hata wazungumzaji wa dakika 20 au zaidi kwa wiki. Dakika 20! Mwenye bando la usiku huzimaliza kabla ya kuulizia ng'ombe.