Mwanafunzi Ugenini na Watoto wa Mwenyeji

Mpango wa kukaa na familia wenyeji, yaani utaratibu ambao mwanafunzi aliye masomoni ugenini hulala, hula na kushiriki kazi za nyumbani katika kaya ya wenyeji badala ya kutafutiwa bweni au hoteli, ulianza kupata sura yake ya kisasa mwanzoni mwa miaka ya 1930, pale Mmarekani Donald Watt alipoanzisha shirika la The Experiment in International Living. Mwaka 1932 Watt aliwapeleka vijana wa Kimarekani Uswisi wakae kambini na vijana wa Ulaya, lakini matokeo ya kambi hayakumridhisha, kwa kuwa kambini kundi hubaki kundi. Mwaka uliofuata akaanza kuwaweka vijana katika familia, na tangu hapo familia ikawa kiini cha kazi ya shirika. Sargent Shriver, aliyekwenda Ujerumani kwa mpango huo mwaka 1934 akiwa mwanafunzi, ndiye aliyekuja kuwa mkurugenzi wa kwanza wa Peace Corps, shirika la Marekani la vijana wa kujitolea, mwaka 1961, na Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa kupokea vijana wake.

Nguvu ya utaratibu huo imo katika nafasi ambayo nyumba humpa mgeni. Katika nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja, ambako wanafunzi wa Kiswahili kutoka Marekani na Ulaya wamekuwa wakipokewa kwa miaka mingi, mtu mzima aliyefaulu mitihani mikubwa kwao hujikuta hajui ni nani wa kuamkiwa shikamoo na nani wa kuulizwa hujambo, hajui kukaa mkekani akala kwa mkono wa kulia kwenye sinia la pamoja, wala hajui ni saa gani inafaa kupiga hodi kwa jirani na saa gani haifai kabisa. Kwa hiyo mama mwenye nyumba humwelekeza kama anavyowaelekeza wanawe, na wanawe nao humsahihisha bila kumwonea haya. Wanaanthropolojia Elinor Ochs na Bambi Schieffelin, waliotafiti malezi huko Samoa na Papua New Guinea, walifafanua mwaka 1984 dhana ya ujamiishaji wa lugha, yaani kwamba mtoto hajifunzi maneno kwanza na adabu baadaye, kwani kila neno humfikia likiwa limebeba habari ya nani anapaswa kumwambia nani na wakati gani. Mgeni hupita njia ileile akiwa amechelewa miaka ishirini, na mtoto wa miaka sita au saba humfaa kuliko mwalimu wa darasani, kwa kuwa huzungumzia kilicho mbele yake, hurudia bila kuchoka, na akilicheka kosa hulicheka waziwazi. Wakubwa, kwa staha yao, huliacha kosa lipite, na mgeni hurudi nalo kwao.

Hata hivyo ukaribu na watoto una masharti, na sehemu muhimu ya elimu ya masharti hayo ilitoka Afrika Mashariki. Kati ya 1954 na 1955 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alizitembelea familia 26 za Kiganda katika vijiji vilivyo karibu na Kampala, akirudi takriban kila baada ya wiki mbili kuwatazama akina mama na watoto wao wachanga, na matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 1967 katika kitabu Infancy in Uganda, yaliipa ushahidi nadharia ya mwambatano iliyoasisiwa na John Bowlby. Mwambatano ni kifungo cha hisia kinachomuunganisha mtoto na mlezi mmoja au wachache anaowategemea kwa usalama wake. Ainsworth aliona kwamba mtoto humwacha mama akatambaa kuchunguza yaliyo karibu, kisha humgeukia au kumrudia apatapo hofu, kana kwamba mama ni ngome yake. Kwa kipimo hicho, mtoto anayejificha nyuma ya kanga ya mama yake anapomwona mwanafunzi wa kigeni hakukosa adabu hata kidogo. Ni mtoto mzima wa afya, anayemtazama mama kwanza ili ajue kama mgeni ni wa kuaminiwa, na mgeni mwerevu humsalimu mama na kungoja.

Mambo huwa kinyume katika vituo vya kulelea watoto yatima, ambako baadhi ya wanafunzi hao huenda kujitolea: huko mtoto aliyezoea walezi wanaobadilika huweza kumkimbilia mtu yeyote, akamrukia mapajani na kumkumbatia. Wataalamu huitazama tabia hiyo, yaani urafiki usiobagua, kama dalili kwamba mtoto alikosa mlezi wa kudumu. Mwanafunzi aliyekuja kujitolea kwa wiki mbili huiona kuwa ni upendo, huipiga picha, kisha huondoka na kuongeza idadi ya watu waliomwacha mtoto yuleyule. Tena kuna biashara ndani ya vituo hivi. Nchini Kamboja vituo hivyo viliongezeka kutoka 154 mwaka 2005 hadi 269 mwaka 2010, kipindi ambacho utalii ulikuwa ukikua, ilhali karibu robo tatu ya watoto waliokuwa humo walikuwa na angalau mzazi mmoja aliye hai. Ada na michango ya wageni ikimfuata mtoto kituoni, kituo hupata sababu ya kutafuta watoto, na familia maskini hushawishiwa kuwatoa kwa ahadi ya shule. Mwaka 2018 Australia iliuhesabu usafirishaji haramu wa watoto kwenda vituo vya namna hiyo kuwa aina ya utumwa wa kisasa, na Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilizitaka nchi wanachama kuchukua hatua dhidi ya madhara ya utalii na kujitolea vituoni.

Zawadi na picha nazo hufuata kanuni ileile ya kumsalimu mama kwanza, yaani vipitie kwa mzazi: peremende zinazogawiwa barabarani huwafundisha watoto kuwakimbilia wageni, lakini kilo ya sukari aliyokabidhiwa mama haimvunjii mtu heshima. Mwanafunzi anayejiandaa kusafiri, pamoja na mzazi anayemlipia, waulize kabla ya kulipa ada yoyote: ni mzazi au mlezi gani atakayekuwapo, mwenye haki ya kumkatalia mgeni? Mpango usioweza kumtaja mtu huyo usilipiwe.