Gitaa Ukubwani: Kwa Nini Wengi Huacha Wiki ya Tatu

Katika ziara zetu za vigango na mitaa ya wilaya za Mbulu na Hanang tunayo fomu ya kujaza: tangi la maji, vyoo vya shule, vitabu vya vikundi vya kuweka na kukopa. Fomu ikiisha, huwa tunauliza swali moja lisiloandikwa humo: "Lile gitaa la kwaya liko wapi?" Mara nyingi tunapelekwa chumba cha nyuma ya altare. Tunalikuta limeegemezwa ukutani, lina vumbi, uzi mmoja umekatika na nyingine zimelegea. Lilinunuliwa kwa michango ya waumini, au lililetwa na rafiki mfadhili. Mtu mzima mmoja au wawili walianza kujifunza kwa moyo mkubwa, na wiki ya tatu wakaacha.

Ni haki ya wanakamati na wafadhili kuuliza kama fedha ile imepotea. Kwa tuliyoyaona, haijapotea bado. Wanaoacha hutuambia kwamba wamezeeka kwa kazi hiyo. Sisi, baada ya kukaa na walioacha na wachache walioendelea, tunaamini umri unasingiziwa. Kuna mambo matatu yanayowashinda, nayo yote yamo ndani ya uwezo wa kamati: gitaa lenyewe, mahali somo linapoanzia, na ufunguo wa stoo.

Kwa nini watu wazima?

Wapo watakaosema tufundishe vijana. Tumefanya hivyo na tutaendelea kufanya. Kijana hushika haraka, lakini baada ya mwaka anakwenda shule ya bweni, au anashuka Babati na Arusha kutafuta maisha, na ujuzi unaondoka naye. (Mara moja liliondoka hata gitaa, lakini hiyo ni habari nyingine.) Anayebaki kijijini ni katekista, mwalimu wa shule ya msingi, mama wa kwaya, mkulima wa miaka 45. Huyo ndiye atakayekuwepo Jumapili ya kawaida, umeme umekatika na kinanda kimenyamaza.

Kuhusu umri tuna mfano kutoka mbali. Gary Marcus, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha New York nchini Marekani, alianza kujifunza gitaa akikaribia miaka 40, akiwa hana sifa yoyote ya muziki, na mwaka 2012 akachapisha kitabu juu ya safari hiyo. Hakugeuka bingwa. Alijifunza kupiga, na wanakwaya wetu hawaombi zaidi ya hapo.

Vidole vinauma, lakini tazameni gitaa kwanza

Katika kigango kimoja upande wa Dongobesh mzee mmoja alitunyooshea mkono wa kushoto. "Mwanangu," alisema, "vidole hivi vimezoea mpini wa jembe. Uzi unavikata kama wembe." Tulishangaa, maana kiganja chake kilikuwa kigumu kama gome. Lakini sugu ya jembe huota kiganjani na kwenye mashina ya vidole. Ncha za vidole vya mkulima ni laini kama za karani.

Maumivu ya ncha za vidole ni ya kweli na hayakwepeki mwanzoni. Kwa mtu anayepiga kidogo kila siku, ngozi huanza kukomaa baada ya wiki tatu au nne. Asiyepiga kwa wiki mbili huanza karibu upya. Kina mama wapige kabla ya kufua, si baada, kwa sababu ngozi iliyolowa hukatika upesi. Kucha za mkono wa kushoto zikatwe fupi. Kidole kibonyeze jirani kabisa na freti, yaani kile chuma kinachokatisha shingo ya gitaa, upande wa nyuma yake. Ukibonyeza katikati ya freti mbili utatumia nguvu nyingi na sauti itakuwa ya kukwaruza. Maumivu ya kifundo cha mkono ni jambo jingine. Hayo yakija, acha upumzike.

Hata hivyo gitaa la yule mzee lingemshinda hata fundi. Nyuzi zilikuwa zimeinuka mno juu ya shingo. Kamati inaweza kupima kwa rula ya shule: weka rula kwenye freti ya 12, ambayo ndiyo katikati ya urefu wa uzi, upime nafasi kati ya chuma na uzi mnene. Kwa gitaa la nyuzi za chuma, milimita 2 hadi 3 zinatosha. Kwa nyuzi za nailoni inaweza kufika 4. Zaidi ya hapo mwanafunzi anateswa bure. Dawa yake ni kuchomoa kile kipande chembamba cha mfupa au plastiki kinachobeba nyuzi kwenye daraja, na kukisugua upande wa chini kwa msasa juu ya ubao ulionyooka, kidogo kidogo. Ukiondoa milimita 2 pale, uzi hushuka milimita 1 kwenye freti ya 12. Seremala mwangalifu anaweza.

Jambo jingine ni aina ya nyuzi. Gitaa la nailoni nyuzi zake hufungwa fundo kwenye daraja. La chuma nyuzi huingia matunduni na mara nyingi hubanwa kwa vijiti vidogo. Msifunge kamwe nyuzi za chuma kwenye gitaa la nailoni. Kosa hili tulilifanya sisi wenyewe, kwa sababu za chuma ndizo zilizopatikana dukani siku hiyo. Nyuzi za chuma huvuta kwa nguvu kubwa zaidi, na baada ya muda daraja lilibanduka na kipande cha mbao. Gitaa lile lilikuwa zawadi, na barua ya kumweleza aliyelitoa haikuwa rahisi kuandika.

Mwenye vidole vyenye kovu au vilivyopinda asikatishwe tamaa. Django Reinhardt, mpigaji mashuhuri wa Ufaransa, aliungua kwa moto mwaka 1928 akiwa na miaka 18, na vidole viwili vya mkono wake wa kushoto havikufanya kazi sawasawa tena. Alijifunza upya, akapiga solo zake kwa viwili vilivyobaki.

Mwanakwaya anajua zaidi ya anavyodhani

Watu wazima tunaokutana nao si wageni wa muziki. Wengi wameimba kwa nota za do, re, mi tangu utotoni. Hiyo ni mali, na inasikitisha kuona mwalimu wa gitaa akiiweka kando na kuanza na herufi ngeni.

Chukueni kazi ya kulinganisha nyuzi, ambayo wapigaji huiita kutyuni. Nyuzi sita, kuanzia ule mnene, huitwa E, A, D, G, B na E. Mwanakwaya hahitaji kukariri zaidi ya hapo. Aimbe uzi mnene kama "so", kisha apande hadi "do" ya juu yake: hiyo ndiyo sauti ya uzi unaofuata. Auite huo nao "so", apande tena "do". Afanye hivyo kwa kila uzi, isipokuwa mahali pamoja: kutoka G kwenda B ataimba "do" kupanda "mi". Sauti ya kuanzia aipate kwenye kinanda, au kwenye programu ya bure ya simu. Tena alinganishe kila anapoanza kupiga. Gitaa lililolinganishwa jikoni penye joto halitakuwa lile lile ndani ya kanisa asubuhi ya Julai, na wenyeji wa Mbulu wanajua baridi tunayoisema. Tumeona wanafunzi wakijilaumu kwamba hawana kipaji, kumbe kodi waliyoshika ilikuwa sahihi na nyuzi ndizo zilizopotoka.

Kodi, wala si ile ya serikali, ni sauti tatu au zaidi zinazolia pamoja. Nyimbo nyingi za kwaya husimama juu ya kodi tatu: ya do (do, mi, so), ya fa (fa, la, do) na ya so (so, ti, re). Anayeimba sauti ya besi tayari anazisikia zikibadilika. Tukimwambia "hapa besi imekwenda fa, badilisha", anaelewa mara moja.

Hapa ndipo kwenye kosa linalofukuza watu wengi kuliko maumivu. Walimu wetu wa kwaya wengi wamejifunzia kinanda, na kwenye kinanda mtu huanza na do ya C, kwa kuwa inapigwa kwa vitufe vyeupe peke yake. Wakija kwenye gitaa huanza na C hiyo hiyo. Lakini do ikiwa C, fa ni F, na kodi ya F kwenye gitaa kwa kawaida hudai kidole cha shahada kilale juu ya nyuzi zote sita na kuzibana kwa pamoja. Hilo humchukua mtu miezi. Mwanafunzi wetu hukutana nalo wiki ya pili, na wiki ya tatu anarudisha gitaa.

Aanze na do ya G. Kodi zake ni G, C na D. Au aanze na do ya D, yenye D, G na A. Hakuna F humo. Waumini wakianzisha wimbo juu zaidi, itumike kapo, kibano kinachofungwa shingoni kukaza nyuzi zote mara moja. Kila freti moja hupandisha do kwa nusu sauti, kwa hiyo aliyeshika G akiweka kapo freti ya 2 atakuwa anaimbisha kwenye A, na vidole vyake havijajifunza lolote jipya. Asiye na kapo achukue penseli ngumu, ailaze juu ya nyuzi nyuma kidogo ya freti, aifunge kwa ukanda wa mpira wa baiskeli kuzunguka shingo. Haipendezi kwa macho, ila inafanya kazi. F itajifunzwa mwaka wa pili.

Kubadilisha kodi kunataka subira tu. Achague kodi mbili, ahame moja kwenda nyingine kwa dakika moja huku akihesabu, na kesho atafute kuzidi hesabu ya jana. Mkono wa kulia hautusumbui sana katika wilaya hizi. Aliyepiga kayamba au ngoma mdundo anao. Asidhani pia kwamba lazima atumie vidole vingi. Mwenda Jean Bosco wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 na ambaye wapigaji wa Afrika Mashariki walimwiga kwa miaka mingi, alitumia dole gumba na kidole cha shahada tu kwa mkono wa kulia.

Ufunguo wa stoo

Dakika 15 kila siku zinamfaa mtu mzima kuliko saa mbili za Jumamosi. Vidole na kumbukumbu hujengeka kwa kurudiarudia. Lakini atapigaje kila siku ikiwa gitaa limefungiwa na ufunguo anao mwenyekiti, ambaye ametoka mnadani Katesh na atarudi jioni?

Tunaelewa hofu ya kamati. Mali ya kanisa ikipotea, jina linalotajwa ni la mwenyekiti. Hata hivyo gitaa linalolindwa lisiguswe limekwisha kupotea kwa njia nyingine. Katika kigango kimoja cha Hanang wamefungua daftari: mwanafunzi anasaini Jumapili baada ya ibada, analala na gitaa nyumbani wiki nzima, na analirudisha Jumapili inayofuata kukaguliwa mbele ya mweka hazina. Wapo wanafunzi wawili, nao hupokezana wiki kwa wiki. Anayesubiri hufanya mazoezi ya vidole jioni kwa mwenzake. Kuwa wawili kumepunguza pia aibu, ambayo kwa mtu mzima si jambo dogo: watoto huchungulia dirishani na kucheka, na baba wa familia hapendi kuchekwa. Mmoja wao, mama wa makamo, alipiga nyimbo mbili tu katika jumuiya yake ndogondogo kwa miezi kadhaa kabla hajakubali kupiga kanisani. Tunadhani alifanya vizuri.

Msimu nao uangaliwe. Mafunzo yaliyoanza mvua za mwisho wa mwaka zilipokaribia yalikufa shambani. Yaliyoanza baada ya mavuno yalipata angalau miezi mitatu ya utulivu, na kufikia kupanda sugu za vidole zilikuwa zimeshaota.

Kamati nyingine imetuuliza kama wamsomeshe mtu muziki chuoni, mathalani Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira kule Usa River, ambako muziki hufundishwa. Kwa mwalimu wa kwaya wa jimbo au dayosisi, wazo ni zuri. Kwa kigango kinachotaka nyimbo za Jumapili, fedha hiyo ni nyingi mno. Pengo lipo kwenye vitu vidogo: nyuzi za akiba za aina inayolingana na gitaa, kapo, mfuko wa kubebea, na nauli ya mpigaji mzoefu wa parokia ya jirani kuja mara mbili kwa mwezi. Marafiki wanaotuuliza kama walete magitaa zaidi tumewaomba kwanza walete nyuzi.

Ziara ya robo mwaka ijayo tutakuja na rula, msasa na seti chache za nyuzi za aina zote mbili. Tunaomba kila kamati ilitoe gitaa stoo kabla hatujafika, iandike kama daraja lake ni la mafundo au la vijiti, na kulifuta vumbi kwa kitambaa kikavu.