Kebo ya Deraya: Chuma Kisichofungwa Ardhini

Pengine uani kwako ipo kebo nyeusi, nene kama kidole gumba, itokayo nyumba kubwa kwenda vyumba vya wapangaji au pampu ya kisima. Chini ya gamba lake la plastiki mna nyuzi za chuma zilizozungushwa pande zote. Hiyo ndiyo deraya yake. Wengi wetu huamini kuwa chuma hicho kimewekwa ili kuzuia jembe. Hiyo ni nusu tu ya kazi yake.

Jembe likipigwa kwa nguvu hupenya. Likipenya, hugusa nyuzi za deraya na waya wa moto kwa wakati mmoja. Ikiwa deraya imeungwa vema na waya wa ardhi, huo ambao mafundi huuita "ethi", umeme hupata njia ya kurudi na fyuzi hukatika papo hapo. Lakini ikiwa haikuungwa, deraya yote hubeba volti 230 tangu mwanzo hadi mwisho, pamoja na kila chuma kinachogusana nayo. Taa zitaendelea kuwaka na redio itaendelea kuimba. Hakuna atakayejua lolote, mpaka mama atakapokuja peku, mikono ikidondoka maji, kuanika nguo kwenye waya uliofungwa nguzo ileile ya chuma iliyobeba sanduku la swichi.

Kosa lenyewe huwa dogo. Kebo inapoingia kwenye sanduku la swichi hubanwa kwa kifaa cha shaba nyeupe kiitwacho glandi. Sanduku likiwa la chuma, na rangi ikakwanguliwa mahali pa kubania, glandi huunganisha deraya na sanduku. Sanduku likiwa la plastiki, glandi imeshika plastiki tu. Hapo fundi hana budi kuweka pete ya shaba yenye sikio, kisha atoe waya wa kijani na manjano kutoka kwenye sikio hilo hadi penye ethi ya nyumba. Fundi mwenye haraka huiruka pete hiyo, na kwa nje kazi yake itapendeza kama ya mwenzake aliyeiweka.

Sasa tuitazame nondo ya shaba iliyopigwa ardhini nyuma ya nyumba. Wako wanaodhani kuwa nondo hiyo humaliza kila kitu. Hesabu inakataa. Tuseme ukinzani wa nondo na udongo ni omu 50, jambo la kawaida kwenye ardhi kavu. Gawanya volti 230 kwa 50, utapata ampea 4.6. Mkondo huo haukati hata fyuzi ya ampea 5, sembuse ya 30! Kiangazi kikizidi, ukinzani nao huzidi. Wengine humwaga chumvi shimoni. Husaidia kwa muda, lakini chumvi huila nondo.

Kwa hiyo nyumba inayotegemea nondo yake yenyewe inahitaji ile swichi yenye herufi RCD, iwe ya milliampea 30. Hiyo haingoji mkondo mkubwa. Huhisi umeme uliokwenda bila kurudi, ikakata kabla moyo haujasimama. Ina kitufe chenye herufi T. Kibonye kila baada ya miezi michache. Isipokata, mwite fundi siku hiyohiyo.

Usifungue sanduku mwenyewe. Mtafute fundi mwenye leseni ya EWURA, umwombe akuonyeshe pete na waya wake kabla hajafunga kifuniko, na apime ukinzani wa nondo mbele yako. Asiyekuwa na kipimo amekisia tu, hata awe hodari namna gani.

Kebo ilazwe kina cha nusu mita au zaidi, juu yake mchanga, kisha utepe wa onyo. Na kabla mtaro haujafukiwa, mwite kijana wako mkubwa aone inapopita. Siku ya kuchimba shimo la taka, huenda yeye ndiye atakayeshika sururu.