Tamasha la Wembley na Mtoto wa Nairobi

Kijana wa Kawangware 56 au wa Kisauni akifungua simu yake, haikosi siku atakutana na ile video ya Queen uwanjani Wembley, London. Mwanamume mwenye masharubu na fulana nyeupe anaimba, na uwanja mzima unapiga makofi juu ya vichwa kwa mpigo mmoja. Hiyo ni Live Aid, tamasha la muziki wa roki la tarehe 13 Julai 1985, lililochangisha pesa kwa ajili ya njaa ya Ethiopia.

Watu wapatao 72,000 walikuwa Wembley, huku tamasha jengine likifanyika siku hiyo hiyo mjini Philadelphia, Marekani. Mashabiki waliokuwepo wangali wanasimulia. Wanakumbuka jua kali la mchana. Wanakumbuka kipaza sauti cha Paul McCartney kilivyozima usiku, na umati ukamwimbia wimbo wake. Lakini wengi hutaja pia kimya. David Bowie aliacha wimbo wake mmoja ili zionyeshwe picha za watoto wa Ethiopia wakifa njaa, na watu waliokuja kucheza wakatokwa na machozi.

Ulimwengu ulijuaje habari za njaa hiyo? Hapo ndipo simulizi nyingi za mashabiki zinapokatika.

Oktoba 1984, mpiga picha Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyeanza kazi yake Dar es Salaam, aliingia kambi ya Korem kaskazini mwa Ethiopia pamoja na mtangazaji Michael Buerk. Picha zake zilionyeshwa na BBC tarehe 23 mwezi huo, kisha na mamia ya vituo duniani. Mwanamuziki Bob Geldof alipoona taarifa hiyo akakusanya wenzake kurekodi wimbo wa msaada, na mwaka uliofuata akaandaa Live Aid. Bila kamera ya Amin, huenda uwanja ule usingejaa.

Na yule mwenye masharubu? Ni Farrokh Bulsara, aliyejiita Freddie Mercury, mtoto wa Kiparsi aliyezaliwa Mji Mkongwe, Unguja, tarehe 5 Septemba 1946. Familia yake ilihamia Uingereza baada ya Mapinduzi ya 1964.

Basi mmoja wetu aliwasha moto ule, na mwengine akauchochea hadi ukawaka kweli kweli. Hata hivyo, Live Aid husimuliwa kama kisa cha wageni waliotuonea huruma. Ni kweli kwamba zilipatikana zaidi ya dola milioni 100. Lakini jukwaani Wembley sauti za Waafrika zilikuwa haba mno, na Mwethiopia alionekana kwenye skrini tu, hakusikika.

Wahenga walisema usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Amin alipoteza mkono Addis Ababa mwaka 1991 ghala la silaha lilipolipuka, lakini hakuacha kazi. Alifariki tarehe 23 Novemba 1996, ndege iliyotekwa nyara ilipoanguka baharini karibu na Ngazija, katika bahari yetu hii.

Mashabiki wa London wana haki ya kukumbuka nyimbo. Sisi tuna wajibu wa kuwatajia watoto wetu jina la aliyeshika kamera.