"Mfamasia Yupo?" Swali la Kuuliza Kabla ya Kununua Dawa

Mwanamume mmoja wa makamo aliletwa wodini kwetu usiku akitapika damu. Hakuwa mlevi, wala hakuwahi kuambiwa kuwa ana vidonda vya tumbo. Mgongo ulikuwa ukimsumbua, akaingia duka la dawa la mtaani, akaitaja diklofenaki kwa jina, akauziwa. Zilipokwisha alirudi kununua nyingine, na kwa wiki tatu alizimeza asubuhi na jioni, mara nyingi kabla ya kutia kitu tumboni. Tulipomwuliza kama muuzaji alimwuliza lolote, alijibu kwa uchovu: "Aliniuliza kama nina chenji."

Pengine msomaji anatarajia kwamba baada ya kisa hiki nitamhimiza kila mwenye maumivu aende kwa daktari. La hasha. Mafua, kiungulia cha mara mojamoja, fangasi za miguuni au kuumwa kichwa baada ya kushinda juani si sababu ya kupanga foleni hospitalini tangu alfajiri. Na anayeipanga bila sababu humchelewesha mwenye sababu. Mfamasia amesoma chuo kikuu miaka minne, akafanya mazoezi kwa vitendo mwaka mmoja, na muda wote huo somo lake kuu ni dawa. Kuhusu dawa mbili zisizopatana mwilini, mara nyingi anajua kuliko sisi madaktari, ingawa baadhi ya wenzangu hawapendi kuyasikia haya.

Tatizo ni kwamba koti jeupe halisemi limevaliwa na nani. Famasi husimamiwa na mfamasia, lakini si lazima awe ndiye anayekuhudumia saa hiyo. Duka la dawa muhimu, ambalo mpango wake ulianzia mkoani Ruvuma mwaka 2003 ili kuchukua nafasi ya maduka ya dawa baridi, huhudumiwa na mtoa dawa aliyepata mafunzo mafupi na kuruhusiwa kuuza dawa za orodha maalumu. Maduka haya yamefika mahali ambapo famasi haijafika, na sina nia ya kuyabeza. Hata hivyo, mgonjwa ana haki ya kuuliza kwa adabu: "Samahani, mfamasia yupo?"

Mtaalamu wa kweli hutambulika kwa maswali yake. Atataka kujua dawa ni ya nani na ana umri gani, dalili zilianza lini, kama kuna ujauzito au mtoto anayenyonya, kama una shinikizo la damu, ugonjwa wa figo, vidonda vya tumbo au mzio, na unatumia dawa gani nyingine. Mgonjwa wetu alikuwa akimeza aspirini kila siku, aliyoandikiwa kwa ajili ya moyo. Aspirini na diklofenaki kwa pamoja huongeza sana hatari ya tumbo kuvuja damu. Swali moja lingetosha.

Nchini Uingereza, tangu tarehe 31 Januari 2024, wafamasia wa England wanaweza kutibu maradhi saba, yakiwamo maumivu ya koo na UTI isiyo na matatizo kwa wanawake, bila cheti cha daktari. La kuzingatia ni kwamba hulipwa kwa mashauriano yenyewe, hata kama mgonjwa ataondoka bila dawa. Wa kwetu hupata riziki anapouza. Anayekuambia "mafua haya hayahitaji amoksilini, nenda kapumzike" amekunyima dawa na kujinyima fedha, mrudie huyo.

Na wateja nasi tuna lawama. Tunaomba "amoksilini za elfu moja", kana kwamba dozi hupimwa kwa noti, ilhali mafua husababishwa na virusi ambavyo amoksilini haiviui. Tunanunua parasetamoli na dawa ya mafua kwa pamoja bila kujua kwamba nyingi za dawa hizo za mafua zina parasetamoli ndani yake. Mtu mzima hapaswi kuvuka vidonge vinane vya miligramu 500 kwa saa 24. Kwa mtoto anayeharisha tunadai dawa ya kufunga tumbo, wakati anachohitaji ni ORS iliyochanganywa kwa kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti, pamoja na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14.

Yapo yasiyopaswa kuishia kaunta. Homa ipimwe malaria kwanza, ndipo mseto ununuliwe. Kikohozi cha wiki mbili kipimwe kifua kikuu. Damu katika choo au matapishi, maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, degedege, mtoto aliyelegea, asiyeweza kunyonya au anayetapika kila kitu, na homa kwa mtoto wa chini ya miezi miwili: hawa wapelekwe kituo cha afya bila kupitia dukani.

Mgonjwa wetu alipona. Siku ya kuruhusiwa tulimwandikia parasetamoli kwa ajili ya ule mgongo, akauliza kama ni lazima aichukue hospitalini. Nikamwambia la, anunue karibu na kwake, ila akaonyeshe na karatasi ya aspirini.